Kitabu Kilichoazimwa na Njia

Niseme mapema ili tusipotezeane muda: kitabu nilikikata mimi. Kwa mkono wangu, kwa wembe mpya, juu ya meza ya karakana ya shemeji yangu, Jumamosi mchana kweupe. Sikutumwa na mtu, wala sikuingiwa na wazimu kama ilivyovumishwa pale ofisini. Kwa miaka ishirini na miwili nimekuwa mkutubi wa chumba cha watoto, na kwa miaka yote hiyo nimewafokea watoto wa watu kwa kosa la kukunja pembe tu ya ukurasa. Kwa hiyo naelewa kwa nini watu walishika vichwa.

Chumba changu kiko mwisho kabisa wa jengo la maktaba. Kina madirisha mawili, rafu sita fupi zinazofikiwa na mtoto wa miaka mitano, mkeka mpana, na viti vidogo ambavyo mtu mzima akivikalia magoti yanamgonga kidevu. Mwanzoni mwa mwezi ule niliitwa na Katibu, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho juu ya majengo yote ya mji wetu. Nilimkuta amefungua daftari langu la wageni, lile ambalo kila mtoto anayeingia chumbani huandika jina lake. Karani wake alikuwa pembeni anapiga chapa.

"Mama, mwezi uliopita waliingia watoto tisa," alisema. "Tisa! Na jina moja limeandikwa mara mbili."

"Alirudi," nikamjibu. "Alikipenda kitabu."

"Watoto wa siku hizi hawasomi, tusidanganyane. Mimi nina wakuu wa idara wanafanyia vikao kwenye korido. Mwezi ukiisha, chumba kile kinakuwa cha mikutano. Vitabu vitakwenda stoo."

Stoo hiyo naijua. Ina panya, na ina bomba linalovuja tangu enzi za katibu aliyepita. Vitabu mia sita na arobaini vikiingia mle, havitatoka tena vikiwa vitabu. Kwa hasira nikajikuta nasema jambo ambalo sikuwa nimelipanga.

"Nipe mwezi huu."

"Wa kufanya nini?"

"Wa kukuletea watoto."

Katibu aliegemea kiti akacheka, kicheko cha mtu ambaye ameshashinda. "Haya, lete mia. Ukileta watoto mia, mama, chumba ni chako. Karani, umesikia?"

Karani akasema amesikia. Najua Katibu alisema vile kwa mzaha. Mimi niliondoka nalo kama ahadi, tena nikaenda kuliandika kwenye kalenda yangu pamoja na tarehe na saa.

Sasa, kwa nini watoto walikuwa hawaji? Katibu angeniuliza ningemwambia, lakini hakuuliza. Sababu ya kwanza ilikuwa imekaa getini juu ya kigoda. Mlinzi wetu watu wote humwita Komeo, na hilo si jina alilopewa na wazazi wake. Komeo alikuwa na masharti yake: viatu, mikono safi, sare iliyofungwa vifungo vyote. Mtoto akikosa kimoja, anageuzwa. Sababu ya pili ni jengo lenyewe. Lina ngazi kumi na moja na mlango mzito, na mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna kitabu hata kimoja akilitazama anaona ni mahali pa wakubwa wenye kesi.

Lakini nyuma ya jengo, chini ya madirisha yangu, inapita njia ya miguu inayotoka kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda hadi shule ya msingi. Kila asubuhi watoto zaidi ya mia tatu wanapita pale. Nimewatazama miaka yote hiyo wakipiga mateke makopo na kusukumana, hatua ishirini kutoka kwenye rafu zangu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuinua macho. Siku ile nilipotoka kwa Katibu nilisimama dirishani nikawatazama tena, nikasema moyoni kwamba basi, kitabu ndicho kitakachotoka. Tutakipanga njiani, ukurasa kwa ukurasa, na mtoto atakisoma huku anatembea.

Sikuomba ruhusa. Ruhusa za pale nazijua: niliomba balbu moja ya chumbani kwangu, nikajibiwa baada ya miezi saba kwamba ombi langu linafanyiwa kazi. Nilimwendea shemeji.

Shemeji ni mdogo wake mume wangu, fundi wa kuchomelea vyuma. Ana karakana ya mabati karibu na kiwanda na mdomo usiojua likizo. Nilimweleza: nguzo kumi na sita, kila moja na ubao mlalo juu yake, na plastiki ngumu ya kuonea ndani ili mvua isiguse karatasi. Alinisikiliza huku anapangusa miwani yake ya kazi.

"Shemeji, wewe ulikuwa unawafukuza watoto wakikohoa maktaba. Leo umepatwa na nini?"

"Nimepatwa na Katibu."

"Ahaa. Basi nguzo utapata. Kwa ajili ya ugomvi mimi nachomelea hata usiku wa harusi yangu."

Alizitengeneza kwa vipande vya mabomba yaliyobaki kwenye kazi nyingine. Nguzo ya kwanza aliposimamisha, ubao ulinifika kidevuni. Nikamwuliza kama anamtengenezea twiga. Akasema yeye hupima kwa mwili wake, ndivyo alivyofundishwa. Nikamleta binti yake wa miaka sita, nikamsimamisha pale, nikamwambia apime kwa huyo. Alikata nguzo zote kumi na sita upya huku analalamika, na nguzo ya kumi na sita ilipokwisha alikuwa anajisifu kwamba wazo la kuzifupisha lilikuwa lake.

Kitabu nilichochagua ni cha punda. Kilikuwa na nakala mbili, na nilikuwa nimeshawasomea watoto mara zisizo na idadi, katika miaka ile chumba kilipokuwa kinajaa. Kina kurasa thelathini na mbili, maana yake karatasi kumi na sita. Ndiyo maana nilitaka nguzo kumi na sita. Kabla ya kukikata nilichukua kadi yake ya kuazimia, nikaandika tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi, na kwenye mstari wa jina la mwazimaji nikaandika "Njia". Shemeji alivunjika mbavu. Mimi sikuwa nacheka. Kitabu cha maktaba hakitoki bila kadi, awe anayekichukua ni waziri au ni kichochoro.

Ndipo nikashika wembe. Nilikata mshono katikati, karatasi zikaachana moja moja, na kila iliyoachana nilihisi kama naomba radhi kwa mtu. Nikazipaka gundi ya mbao kwa nyuma, nikazibandika kwenye mbao zao, nikazilaza chini ya matofali zikauke. Jumapili tulichimba mashimo kwa mtaimbo, hatua ishirini na tano kati ya nguzo na nguzo, kuanzia zinapoishia nyumba za wafanyakazi hadi karibu na shule. Jioni nilitembea njia nzima kutoka ubao wa kwanza mpaka wa mwisho, nikaisoma hadithi yote, nikaridhika. Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba.

Asubuhi ya Jumatatu nilisimama dirishani tangu saa kumi na mbili na nusu. Wa kwanza walipita wakikimbia. Kisha mmoja akasimama. Kisha wanne. Baada ya robo saa kulikuwa na vichwa vimebanana kwenye kila ubao kama kuku kwenye punje, na kelele zilikuwa zinapanda mpaka juu. Nilishuka mbio kwenda kuonja ushindi wangu.

Nilimkuta msichana wa darasa la tatu amesimama mbele ya ubao wa pili, mikono kiunoni, anawahutubia wenzake. Baadaye nilimpa jina la Wakili, na utaona kwa nini.

"Mama, ni wewe umeweka hivi?" aliniuliza.

"Ni mimi."

"Mbona vimekosewa?"

"Vimekosewa nini?"

"Pale," akanyoosha kidole kwenye ubao wa kwanza, "punda anasema leo habebi maji. Sawa. Halafu hapa punda yuko juu ya paa la nyumba, na watu wote wako chini wanamtazama. Alifikaje juu ya paa?"

Nikafungua mdomo kumweleza kwamba imeandikwa, asome vizuri. Nikatazama ubao. Ukurasa wa tatu. Nikarudi ubao wa kwanza. Ukurasa wa kwanza. Nikaenda ubao wa tatu, pale mwenye punda anapopiga magoti mbele ya kuku kumwomba msamaha. Ukurasa wa tano.

Karatasi ina pande mbili. Miaka ishirini na miwili nafundisha watoto kufunua kurasa, na nilikuwa nimepaka gundi ya mbao kwenye nusu nzima ya hadithi. Anayekata vitabu kila siku angelijua hilo kabla hajashika wembe, angechukua nakala mbili. Mimi sikuwahi kukata kitabu maishani mwangu. Na ile Jumapili jioni nilipotembea njia nzima nikairidhia, sikuwa nasoma. Hadithi naijua kwa moyo, kwa hiyo kila penye pengo kichwa changu kilijaza chenyewe bila hata kunitaarifu.

Aibu niliyoisikia siwezi kuieleza kwa upole. Nilitamani niing'oe ile mibao kwa meno. Nilikwenda karakana moja kwa moja, na shemeji aliposikia alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi la chuma.

"Sasa mimi fundi ningejuaje?" alisema alipopata pumzi. "Niliambiwa nipime mbao zisipinde. Zimepinda?"

"Hazijapinda."

"Basi upande wangu hauna kesi. Chukua ile nakala ya pili, ikate, nikuchomelee nguzo nyingine kumi na sita. Yataisha."

Nilirudi chumbani kwangu nikaitoa nakala ya pili rafuni. Nikaifungua mezani. Nilikuwa nimeshaweka wembe kwenye mshono niliposikia sauti ya Komeo getini, na sauti nyingine nyembamba inamjibu neno kwa neno. Nikatoka kuchungulia mlangoni. Ulikuwa wakati wa mapumziko ya saa nne, na kwenye ngazi alikuwa amesimama Wakili na wenzake watano.

"Mmoja hana viatu," Komeo alikuwa anasema. "Na wewe kifungo cha shingoni kiko wapi?"

"Kimekatika tangu mwaka jana," Wakili alimjibu. "Hatujaja kufunga vifungo. Tunataka kujua punda alifikaje juu ya paa."

"Punda gani?"

"Wa njiani! Huyu anasema alipanda ngazi. Punda hawezi ngazi. Mimi nasema nyumba ilikuwa mlimani, akaruka kwa nyuma. Huyu anasema alinyanyuliwa na upepo. Tumebishana mpaka mwalimu katutoa nje. Kitabu chenyewe si kiko humu ndani?"

Niliuacha wembe mezani, nikashuka zile ngazi kumi na moja. Nilimwambia Komeo maneno ambayo hayafai kuandikwa na mkutubi. Nilimwambia pia kwamba kanuni za maktaba ninazo mezani, kurasa tisa, na neno viatu halimo. Komeo akasema yeye hajawahi kuzisoma. Nikamwambia nitamletea. Akasogeza kigoda chake pembeni.

Watoto sita waliandika majina yao kwenye daftari, wakakaa mkekani, na kitabu kikafunguliwa ukurasa wa pili. Kelele waliyopiga walipoona punda alivyofika juu ya paa sijawahi kuisikia katika chumba kile. Wala sikuwaambia wanyamaze. Na wewe sikuambii alifikaje. Kitabu kipo, njoo ukisome.

Wembe niliurudisha kwenye droo. Mibao niliiacha vilevile, na pengo lake kila ubao. Jambo moja tu niliongeza: kwenye kila nguzo nilibandika karatasi ndogo iliyoandikwa, "Kurasa nyingine ziko ndani ya maktaba, mlango wa mbele."

Siku ya pili walikuja kumi na tisa. Siku ya tatu sikuweza kuwapa wote nafasi kwa wakati mmoja, wakapanga foleni kwenye ngazi, na Komeo, ambaye hakuna kitu anachokipenda kama foleni, alikuwa anaipanga kwa urefu. Kitabu cha punda kilikuwa kinasomwa na watu saba kwa mara moja, vichwa vimegusana. Wanaosubiri zamu walichoka kusubiri, wakaanza kuvuta vitabu vingine rafuni. Hapo ndipo nilipogeukia dirisha nikajifanya natafuta kitu, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka na mimi sitaki watoto waniletee maswali.

Wiki ya tatu Katibu alipita njiani. Nilimwona kutoka dirishani akisimama kwenye ubao mmoja, akiugonga kwa ufunguo wa gari kama anayepima tikiti maji. Nikashuka.

"Hii ni nini?" aliniuliza.

"Kitabu."

"Nani ameidhinisha?"

"Katibu, ulisema nilete watoto mia. Hukusema nipite wapi."

"Umechimba ardhi ya mji na umeharibu mali ya umma. Hiki kina muhuri wa maktaba, mama! Kimekatwa!"

"Kimeazimwa," nikasema. "Kadi yake ninayo. Na daftari ninalo. Mpaka jana walikuwa mia moja na arobaini na watatu, majina yasiyojirudia. Twende ofisini, karani alisikia."

Tulikwenda. Sikuketi. Nilimfungulia daftari mbele ya karani, nikamwonyesha ukurasa baada ya ukurasa, mwandiko mkubwa na mdogo, wino na penseli. Katibu alifunua, akafunua, uso unazidi kukunjamana. Kisha akafunga daftari taratibu.

"Hawa hawakuja kusoma," alisema. "Wamekuja kuuliza habari za punda. Hiyo ni vurugu, siyo elimu. Mimi nilikuwa nazungumzia wasomaji."

Karani aliacha kupiga chapa. Nadhani hata yeye aliona aibu. Mimi nikalifungua lile daftari tena mbele yake.

"Mtoto anayetoka darasani kwa kubishana juu ya kitabu, akaacha kula, akapanda ngazi kumi na moja bila viatu, akagombana na mlinzi, huyo si msomaji? Basi niambie msomaji ni nani, Katibu. Wewe mara ya mwisho ulipanda ngazi zangu lini?"

Alinitolea macho. Akasema barua itanifuata.

Ilinifuata kweli, Jumatano, na bahasha yake ilikuwa na mihuri miwili. Nilitakiwa nisaini kwamba nimekiri kuharibu mali ya umma na kujenga bila kibali, mibao ing'olewe, na chumba kikabidhiwe Ijumaa saa nane mchana. Nikisaini, jambo litaishia hapo. Nisiposaini, nitahamishwa masjala, nikapange mafaili mpaka nistaafu.

Sitajifanya shujaa. Nilikaa na barua ile kwenye kiti kimoja kidogo chumbani kwangu, magoti yamenigonga kidevu, nikaogopa. Masjala haina dirisha. Nimebakiza miaka mitano. Shemeji alipopita jioni akaisoma, kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema mzaha wowote.

"Saini, shemeji," alisema. "Nguzo nitaziweka karakana. Katibu huyu naye ataondoka siku moja."

"Na vitabu vikishaoza atavirudisha nani?"

Alikunja barua akanirudishia. Nikachukua kalamu, na pale palipoachwa nafasi ya saini yangu nikaandika: "Kitabu hakijaharibiwa. Kimesomwa na watoto mia moja sitini na wanane. Daftari nimeambatanisha nakala." Nikairudisha kwa karani asubuhi. Aliisoma, akaniangalia, akaigonga muhuri wa kupokelewa kwa nguvu mno.

Ijumaa shule hutoka saa saba. Sikumwita mtoto yeyote, na hilo nalisema kwa sababu baadaye nilituhumiwa kupanga fitina. Walikuja wenyewe kama siku nyingine. Ilipofika saa nane walikuwa hamsini na kitu, mkekani, madirishani, chini ya meza yangu, na Wakili alikuwa amekalia kiti changu anawasomea wadogo hadithi nyingine kabisa, ya samaki. Nilikuwa nimesimama mlangoni.

Katibu alifika na kufuli jipya mkononi, bado liko kwenye plastiki yake. Alisimama akatazama ndani. Kwa kweli sidhani kama alikuwa ametegemea kuwakuta.

"Funguo," alisema.

Nikampa. Zilikuwa tatu kwenye kamba, nikaziweka kiganjani mwake bila kubishana. Nadhani utulivu wangu ulimkera kuliko kelele zangu.

"Sasa watoe."

"Watoe wewe," nikasema.

"Unasemaje?"

"Nimekupa funguo, Katibu, kwa sababu jengo ni lako. Lakini mimi kazi yangu ni kuwaingiza. Miaka ishirini na miwili kazi yangu ni hiyo. Wa kuwatoa ni wewe, na kila mmoja utamwambia mwenyewe kwa nini."

Alimwita Komeo. Komeo alipanda ngazi, akapiga saluti, akasikiliza amri. Akawatazama watoto. Akajikuna shingo.

"Mkuu, zamu yangu ni getini," alisema. "Anayetaka kuingia, mimi namkagua. Hawa wameshaingia. Ya ndani hayamo kwenye karatasi yangu ya kazi." Na akateremka kwenda kukaa kwenye kigoda chake, mgongo wima.

Katibu alibaki peke yake mlangoni. Alipiga hatua moja ndani akakohoa, akapiga makofi mawili. "Haya watoto! Tokeni. Chumba kinafungwa."

Hakuna aliyeinuka. Si kwamba walikaidi. Walikuwa wamezama, na waliosikia walimwangalia tu kama wanavyomwangalia mtu mzima aliyepotea njia. Wakili aliinua kichwa, kidole kimebaki kwenye mstari.

"Baba, ungesubiri kidogo," alimwambia kwa adabu zote. "Bado kurasa sita. Kaa pale, nafasi ipo."

Na mdogo mmoja, hata hakumtazama, akajisogeza pembeni mkekani kumpisha.

Nimemwona Katibu akihutubia mikutano ya watu elfu. Pale aliligeuzageuza tu kufuli mkononi. Masikio yalimwiva. Aliwatazama mmoja mmoja na nadhani alikuwa anawahesabu, kwa sababu midomo yake ilikuwa inacheza, na kila alipofika mahali fulani alipotea akaanza upya. Kisha akatazama kufuli, akatazama mlango, na ikamjia wazi, kama ilivyokuwa imenijia mimi, kwamba ili alifunge atalazimika kumshika mtoto mkono na kumburuta, na kisha mwingine, na kisha mwingine, mchana kweupe, mbele ya foleni iliyokuwa bado iko kwenye ngazi.

Alinirudishia funguo. Hakunipa mkononi, aliziacha juu ya daftari la wageni.

"Barua ya uhamisho utaipata," alisema kwa sauti ya chini. "Usifikiri umeshinda. Tutaonana Jumatatu."

Nilizichukua funguo, nikafungua daftari kwenye ukurasa mpya.

"Karibu sana," nikamwambia. "Jumatatu tutakuwa wengi zaidi."